Dawa ya Huzuni na Mrija wa Wakwe

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku niliyoangukia chungu cha pombe cha wakwe zangu, kikavunjika vipande mbele ya wazee wa boma zima. Suruali nilikuwa nimeipiga pasi, shati nimelishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Pombe ikatiririka hadi kwenye viatu vya mkubwa wa nyumba. Ukiniuliza kama nilikuwa nimelewa, nitakujibu kwamba sivyo hasa. Kaa vizuri nikusimulie kama mtoto wangu wa kuzaa, maana nimesikia umepewa vidonge huko hospitali na hujamwambia mtu yeyote nyumbani.

Kwetu ni karibu na Kosele, upande wa Homa Bay, lakini riziki yangu niliipata Migori mjini. Nilikuwa fundi cherehani. Nilishonea kwenye baraza ya duka la Bwana Athmani, mfanyabiashara wa kutoka Pwani aliyekaa Migori mpaka akajua kutukana kwa Kijaluo. Mke wangu, Boke, alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha. Yeye Kijaluo hakukijua, na mimi Kikuria kilinishinda, kwa hivyo mapenzi yetu na ugomvi wetu vyote vilipita kwa Kiswahili. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, Achieng', ndio kwanza anaanza kutembea. Tuliishi vizuri tu.

Basi ugonjwa ukaja. Sikufiwa mwaka ule, sikuibiwa, sikugombana na mtu, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa kwanza, msimu wa sare za shule, wakati ambao fundi hana nafasi hata ya kujikuna kichwa. Nakaa mbele ya cherehani, mguu uko juu ya kanyagio, na mguu hausogei. Wazazi wanakuja kuuliza sare za watoto wao, nawatazama kama watu wa nchi nyingine. Chakula hakina ladha, usingizi unanikimbia kabla jogoo hajawika. Boke ananiuliza nina nini, nasema sina kitu. Ananiuliza tena, nageukia ukuta. Na sitakuficha, mwanangu, nilianza kuona kama mke wangu na mtoto wangu wangepumzika nikiondoka duniani. Mtu akifikia hapo ni mgonjwa, lakini mimi wakati ule nilijiona mvivu na mtu asiyefaa.

Nikakonda. Miaka ile kukonda lilikuwa jambo la hatari katika nchi yetu. Tulikuwa tunazika vijana, tunarudi nyumbani, tunaambiwa tujiandae kuzika wengine, na mtu akionekana amekaza mkanda tundu moja zaidi, majirani wanashusha sauti. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Wengine huko kwetu walisema ni chira, yaani nimevunja mwiko wa ukoo, ingawa mwiko wenyewe hakuna aliyeutaja. Maneno hayana miguu lakini yalifika Kehancha kabla yangu. Shemeji yangu Marwa, kaka mkubwa wa Boke, akaja siku moja, akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akamwambia dada yake afunge mizigo. Boke akaniangalia, akingoja niseme neno. Sikusema. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda na kaka yake.

Aliyenitoa katika shimo lile ni Bwana Athmani. Asubuhi moja alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani yangu, nami nilidhani anataka kodi ya baraza.

"Fundi," akaniambia, "kwetu tuna neno, mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nina ndugu yangu alipatwa na hali hii hii. Haikuwa uchawi wala haikuwa uvivu. Kuna daktari kule Homa Bay anayeyajua mambo haya. Nenda, cherehani yako nitaitazama mimi."

Nikaenda. Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, asiye na haraka. Aliniuliza nalalaje, nakulaje, na kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama nimewahi kufikiria kufa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nililia, mwanangu, mwanamume mzima, machozi yakaanguka kwenye magoti ya suruali, naye akangoja mpaka nimalize. Akanipima damu pia ili kuondoa wasiwasi, na ule ugonjwa waliokuwa wakiunong'ona sikuwa nao. Akasema hii yangu ni maradhi ya huzuni, na yana dawa. Siku hizi redioni wanayaita sonona.

Alinipa vidonge vidogo ndani ya bahasha ya khaki. "Utameza moja kila jioni," akasema, "ukiwa na huzuni ama huna. Usitegemee kitu leo ama kesho, hii dawa inachukua wiki kadhaa. Mdomo utakauka, utasinzia, na ukisimama haraka utasikia kizunguzungu. Mwili utazoea. Lakini ukiona imezidi, ama yale mawazo ya kufa yameongezeka, usingoje tarehe yako, rudi hata kesho. Pombe usiguse kabisa. Na hata ukijisikia umepona, usiache mwenyewe. Tutaacha pamoja, pole pole."

Akaniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia, hata ya mizizi. Nikakiri kwamba mama yangu alinichemshia mizizi fulani. Hakumtukana mama yangu. Alisema tu kwamba mizizi ile isubiri, kwa sababu hajui inafanya nini ikikutana na vidonge vyake tumboni. Nikaitikia yote, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kuitikia hakumchoshi mtu.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Ulimi ulikauka ukawa kama kipande cha turubai. Nilisinzia juu ya cherehani mchana, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole, na hapo ndipo nilipojua kwa nini mtu anaambiwa asishike mashine mpaka ajue dawa inamchukuaje. Huzuni yenyewe haikupungua hata kidogo. Nikataka kuvitupa vidonge vile kwenye mtaro. Kilichonizuia ni Bwana Athmani, aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, kabla hata ya salamu, "Fundi, umemeza?" Nilimeza ili kumnyima la kusema.

Kisha siku moja, bila kutangaziwa, nilisikia harufu ya samaki akikaangwa ng'ambo ya barabara na nikataka kula. Hilo tu. Nikavuka, nikanunua samaki na ugali, nikala mpaka mifupa. Mama muuzaji akanitania, "Fundi, leo umefufuka?" Nikacheka, na kicheko changu kikanishtua mwenyewe. Wiki ile nilishona sare zote zilizobaki, za watoto ambao walikuwa wamekwisha kwenda shule na nguo kuukuu. Na nilipokuwa nashona niliwakumbuka Boke na Achieng' mpaka kifua kikaniuma, lakini maumivu haya yalikuwa ya mtu aliye hai. Nikaamua kwenda Kehancha kumwomba mke wangu arudi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Baba yake Boke alikuwa amefariki zamani. Aliyesimama mahali pake ni baba yake mkubwa, Mzee Chacha, mtu mrefu, mkavu, mkulima wa tumbaku, ambaye macho yake yalikuwa yanakupima kama unavyopima kitambaa kabla ya kukata. Kesi ya ndoa huko haiishi kwa kikao kimoja. Wazee wanakaa, wanasikiliza, wanaenda kulala na maneno, wanakaa tena. Na katikati yao kuna chungu cha pombe ya wimbi, mirija mirefu imetoka mdomoni mwa chungu kama miguu ya mdudu, na kila mzee anavuta kwa zamu. Mkwe akipewa mrija, anapokea kwa mikono miwili na anavuta. Kuukataa ni kusema mojawapo ya mambo mawili: kwamba unawashuku wamekutilia sumu, au kwamba umekuja na moyo mbaya na unaogopa kunywa na watu unaotaka kuwadhuru. Kwetu Ujaluoni wazee wa zamani walikuwa na desturi kama hiyo, kwa hivyo sikuhitaji kufundishwa.

Nilikuwa na ulimi. Ningeweza kusema, wazee wangu, natumia dawa, daktari amenikataza. Lakini tayari walidhani nina ugonjwa wa kukonda, nami niliona nikitaja dawa ya huzuni nitakuwa nimeongeza na wazimu juu yake. Nani atamrudisha binti yake kwa mwendawazimu? Basi nikajifanya mwerevu. Jioni ya kuamkia kikao sikumeza kidonge. Nilijiambia kwamba dawa ikiwa haiko tumboni, pombe haitapata wa kugombana naye. Nilinyonya mrija kama wenzangu, na kesho yake nikameza viwili, ili kulipa cha jana.

Kikao cha kwanza kilipita. Cha pili nikafanya vile vile. Katikati ya vikao nilikuwa siko sawa: leo natetemeka na kutokwa na jasho, kesho nasinzia kama mtoto, na ile huzuni ya zamani ikaanza kuchungulia mlangoni. Bwana Athmani aliponiuliza kama nimemeza, nilisema ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu ilinifikisha kikao cha tatu tu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Tulikaa uani, nami nilikuwa nimevuta mrija mara kadhaa bila kitu tumboni isipokuwa chai. Mzee Chacha alikuwa ametoka kidogo, na aliporudi ilinibidi nisimame kwa heshima. Nikasimama haraka. Nakumbuka uso wake, kisha nakumbuka giza likija kutoka pembeni mwa macho, kisha sikumbuki. Niliambiwa baadaye kwamba nilianguka kifudifudi juu ya chungu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Mimi nilipata nafuu, nilivunja chungu na kupasuka paji la uso. Hadi leo kovu ninalo, hili hapa.

Nilipofumbua macho, Marwa alikuwa akipiga kelele. "Mmeona? Niliwaambia! Mtu anaanguka juu ya chungu ya wazee, hiyo ni nini kama si laana? Dada yangu harudi huko. Tumalize hii maneno leo, huyu aende kwao!" Wazee wengine walikuwa wamesimama, wakitazama pombe ikizama ardhini. Nilimwona Boke kwenye mlango wa jiko, mkono mdomoni, mtoto ameshika sketi yake. Nikajua nimewapoteza wote wawili.

Mzee Chacha hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele yangu, akaninusa kama anavyonusa jani la tumbaku lililokauka vibaya.

"Wewe mkwe," akasema, "hii pombe umekunywa haiwezi kuangusha hata mbuzi. Kuna kitu ingine iko ndani yako. Ni nini unakula?"

Nikamwambia. Sijui ni damu iliyokuwa ikinichuruzika, au ni kuona kwamba sina tena cha kupoteza, lakini nilimwambia yote, mbele ya wote: maradhi, daktari wa Homa Bay, vidonge, jioni nilizoruka na kesho nilizomeza viwili. Nilimwambia hata lile la kutaka kufa.

"Kwa hivyo ni wazimu," akasema Marwa.

"Nyamaza," akasema mzee. "Wazimu ni kuambiwa na daktari usikunywe, halafu unakunywa." Kisha akanigeukia, na hasira ikaingia katika sauti yake, hasira ambayo sijaisahau. "Kwa nini ulikunywa?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima, baba."

"Heshima yangu! Nani alikuambia heshima yangu inakaa kwa tumbo yako? Mimi nimekatazwa chumvi, niko na presha. Huyu mama wa nyumba yangu akinipikia bila chumvi, ni nani ametukanwa? Kama ungekufa hapa kwa mrija yangu, ningeambia mama yako nini? Kwamba mtoto wake alikufa akiniheshimu? Wewe umenitukana leo, na si kwa sababu ya chungu. Umenitukana kwa sababu ulidhani mimi ni mtu anaweza kukupa sumu na ajue, halafu anyamaze."

Niliinamisha kichwa. Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama maneno yale.

Ndipo Boke akatoka mlangoni, akaja mpaka katikati ya wazee, jambo ambalo mke kijana halifanyi. Alikuwa analia na amekasirika, yote mawili kwa pamoja.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya ugonjwa," akaniambia. "Sikuondoka kwa sababu ya maneno ya watu. Niliondoka kwa sababu ulikuwa huongei na mimi. Nilikuwa nakuuliza, unaangalia ukuta. Sasa umeniambia leo, mbele ya watu wote, na mimi nasikia pamoja nao kama mgeni!"

Nilimwambia anisamehe, akarudi jikoni bila kusema kama amenisamehe.

Mzee Chacha akatoa hukumu yake. Nirudi kwa daktari, nimweleze kila kitu bila kuficha, nifuate atakayosema, na nikiwa nimetulia nije tena. Kabla ya hapo hakuna kesi wala hakuna mke. Marwa alitaka kusema neno, akatazamwa, akaliacha.

Nilirudi Homa Bay na kitambaa kichwani. Nilidhani daktari atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia macho, akanipima presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, akasikiliza moyo. Kisha akanieleza jambo nililokuwa silijui: dawa ile haitoki mwilini kwa kuruka jioni moja. Inakaa kwenye damu siku nyingi, kwa hivyo kila nilipovuta mrija, pombe iliikuta dawa nyumbani. Na kumeza viwili hakulipi deni lolote, kunaongeza hatari tu, hasa kwa moyo. "Ukisahau moja, iache iende," akasema. "Endelea na ya jioni inayofuata." Akanishukuru kwa kumwambia. Daktari kumshukuru fundi cherehani! Akanipa vidonge vichache, vya muda mfupi, akataka nirudi mara kwa mara mpaka aone nimesimama imara.

Miezi ile nilijifunza kutii. Bwana Athmani nilimwomba radhi, naye akaniambia, "Sasa nitakuuliza umemeza, na nitataka kuona ulimi." Alikuwa anatania, lakini aliutazama kweli. Kidogo kidogo mwili ukazoea. Nikajifunza kuamka kitandani kwa hatua, kukaa kwanza, kisha kusimama. Nikajifunza kubeba chupa ya maji barazani kwa ajili ya ulimi. Na huzuni ikajiondokea siku baada ya siku, bila kuaga.

Niliporudi Kehancha, chungu kipya kilikuwa katikati ya ua na mirija imepangwa. Mzee Chacha akaniketisha karibu naye, akaita, na kikaletwa kibuyu cha uji wa wimbi, ambao haujachacha, na mrija wake ndani. Akaupokea yeye kwanza, akavuta, akaufuta kwa kiganja, kisha akanipa.

"Huyu anakunywa hii," akatangaza. "Ni mrija yangu, nimeonja. Mwenye swali aniulize mimi."

Mzee mmoja wa rika lake, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akakohoa. "Chacha," akasema, "na mimi niletee hiyo uji. Tumbo yangu ilikataa pombe tangu mwaka juzi, ni vile nilikuwa naona aibu." Watu wakaangua kicheko, na kibuyu cha pili kikaletwa. Penye wazee haliharibiki neno, mwanangu, ila lazima neno lenyewe uwape.

Kesi ilisikilizwa mpaka jua likapinda. Walipomwita Boke kumuuliza kama atarudi, alitoka na mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Alikuwa amefunga mizigo tangu asubuhi. Mimi nilisimama, kwa hatua, nikampokea kikapu, na nililia tena. Siku hizo machozi yangu yalikuwa karibu.

Nyumbani Boke alichukua vidonge vyangu akavitia kwenye mkebe wenye kifuniko kigumu, akauning'iniza juu kabisa kwenye paa, kwa sababu Achieng' alikuwa amefika umri wa kuonja kila kitu, na vidonge vichache tu vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto. Mimi mwenyewe pia, nikupe ukweli, ilinifaa visiwe karibu na mkono wangu katika siku mbaya. Kila jioni alinishushia kimoja. Nilipojiona mzima kabisa, nikicheka na kuongea, nilimwambia sasa inatosha, kwa nini nile dawa na siumwi? Akanijibu, "Nyumba haivuji, kwa hivyo tutoe mabati?" Nikameza. Tuliendelea muda mrefu, mpaka daktari mwenyewe aliposema wakati umefika, akaanza kupunguza. Bandu bandu huisha gogo. Aliipunguza hivyo, nusu na tena nusu, huku akiniangalia, mpaka ikaisha, na mimi nikabaki nimesimama.

Miaka ikapita, akaja Marwa. Alikuja Migori na gunia la mahindi, akakaa barazani mchana kutwa akizungumzia mvua. Jua lilipokuwa likienda, ndipo akasema bila kunitazama, "Shemeji, silali. Ile kitu yako ulikuwa unakunywa, hujabakisha hata moja?" Sikumcheka, ingawa shetani alinisukuma. Nilimwambia hata kama ningebakisha mia nisingempa, kwa sababu ile ilipimwa kwa mwili wangu, na wake hatujui una nini ndani. Kesho yake tulikwenda Homa Bay pamoja. Nilingoja nje kwenye benchi, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Tulitembea mpaka kituoni, naye akanishika mkono njia nzima, kama tunavyoshikana wanaume wa zamani.

Mwanangu, sasa nikwambie wazi. Dawa yako pengine si kama yangu. Za siku hizi ni nyingine, na daktari wako ndiye anayezijua, kwa hivyo msikilize yeye kabla yangu. Lakini haya hayajabadilika. Meza uliyoandikiwa, kwa saa uliyoambiwa, na usihukumu dawa kwa wiki ya kwanza, maana mvumilivu hula mbivu. Ukiruka, usijilipe kwa kumeza zaidi. Usiichanganye na pombe, wala na dawa nyingine, ya dukani au ya mizizi, kabla ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Usimgawie mtu hata akikulilia, mpeleke hospitali akapate yake. Iweke mbali na watoto. Ukipona, usiikate kama uzi, ngoja mwenye kuijua aifungue. Na yale mawazo ya kufa yakija, au yakiongezeka wakati umekwisha kuanza dawa, usikae nayo peke yako hata kwa saa moja. Mwambie mtu aliye karibu, kisha rudini hospitali pamoja, siku hiyo hiyo.

Na kubwa kuliko yote, leo hii, kabla hujalala, mwambie mmoja nyumbani. Mwambie mama yako. Unadhani atakuona mwendawazimu, kama nilivyodhani mimi juu ya Mzee Chacha. Mzee yule tulimzika akiwa na miaka mingi, na siku ya mazishi yake nilimshonea sanda kwa mkono wangu, mimi ambaye yeye ndiye angeweza kunizika kwanza.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe subira ya wiki za mwanzo na utii wa miezi ya mwisho. Akurudishie njaa, akurudishie kicheko, akupe usingizi unaotosha. Na kila ukiamka, akupe mtu wa kukuuliza umeamkaje, na wewe akupe ulimi wa kumjibu kweli.